Maji Baridi Yanaelea: Fundi wa Visima Ajibu Barua Zenu

Kila kiangazi kikikaribia, barua za ukurasa huu huongezeka, na mwezi huu zimekuja nyingi kiasi kwamba nimelazimika kuchagua. Kwa wasomaji wapya: mimi ni mzaliwa wa kusini Unguja. Nilishushwa kisimani mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, kamba kiunoni, mjomba wangu akiishika huko juu. Tangu hapo nimechimba maweni na kwenye mchanga, Unguja na bara, zaidi ya miaka arobaini. Magoti hayakubali ngazi tena, kwa hiyo sasa naandika.

*

*Shikamoo Mzee. Kisima chetu kiko hatua kama mia mbili kutoka pwani. Bibi yangu alikunywa maji yake, mama alikunywa, na mimi nimelea wanangu kwa maji hayo hayo. Tangu mwaka juzi yameanza kuingia chumvi, na sasa hata chai hainyweki. Jirani yetu pamejengwa nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea, na pampu yao inanguruma usiku kucha. Fundi mmoja ametwambia tuongeze kina mita tano tutapata maji matamu. Tumeshaanza kuchanga. Tuchimbe? – Mama wa watoto wanne, Jambiani*

Marahaba mwanangu. Msichimbe. Kama pesa mmeshampa huyo fundi, mdaini arudishe. Kama bado mnazo, zifungeni vizuri, zina kazi nyingine nitakayoitaja.

Naomba uwasomee haya wenzako wote waliochanga. Chini ya Jambiani hakuna mto wala ziwa. Kuna jiwe la matumbawe lililojaa vitundu na nyufa, na bahari imeingia ndani ya jiwe hilo mpaka chini ya nyumba zenu. Mvua ikinyesha hupenya kutoka juu, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu yake kama tui linavyokaa juu ya mchuzi uliotulia. Maji baridi ya kisima chenu, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea. Kuelekea katikati ya kisiwa tabaka hilo ni nene, na kadiri unavyosogea pwani ndivyo linavyokuwa jembamba. Hapo mlipo linaweza kuwa mita chache tu, chini yake ni chumvi.

Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walilipigia hesabu jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Walikuta kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu: maji ya juu yakishuka nusu mita tu, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 20. Kwenye jiwe lenye nyufa kama letu maji huchanganyika na hesabu haitoki sawasawa, lakini mwendo ni huo. Na pampu inayovuta kwa nguvu mahali pamoja huifanya chumvi iliyo chini yake iinuke kama kichuguu. Kuongeza mita tano ni kuteremka kukifuata kichuguu hicho.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kulifanya kosa hilo kwa mikono yangu. Nilikuwa kijana, nimeshaanza kujulikana, nikaitwa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ambako kisima kilikuwa kimepungua maji. Wakaniomba nizidishe kina. Nilipiga mtaimbo siku sita, nikashuka mita tatu zaidi, maji yakaingia kwa nguvu mpaka kifuani. Wanawake walipiga vigelegele, nikapewa jogoo. Haukupita mwezi, mzee mmoja akaja kwetu asubuhi na mapema, ameshika kata ya maji kwa mikono miwili isimwagike. Alikuwa amepanda gari nayo kutoka kwao. Hakunitukana, hakunilaumu. Alinipa ninywe. Niliyameza, na mpaka leo nikilikumbuka lile funda nahisi joto usoni. Nilirudi nikakijaza kile kisima mawe na zege mpaka kina chake cha zamani, bila malipo. Masika mbili zilipita ndipo kikaanza kunyweka tena.

Kwa hiyo tatizo lenu haliko kisimani kwenu, liko kwa jirani. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani hapo kwenu. Nyumba nzima ya kijijini ilikuwa ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Nyumba nzima, dhidi ya chumba kimoja. Wageni hawa wanaleta riziki, na wengi wa wanangu wanakula kupitia kwao, lakini maji yale hayaongezeki kwa sababu mtu amelipia chumba.

Nendeni kwa sheha, msiende mmoja, nendeni watu wazima kumi, na muombe mwenye nyumba ya wageni aitwe. Mkiwa naye msiseme afunge pampu, kwa sababu hatafunga. Mwambieni avute kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kujaza matangi yote kwa mkupuo mmoja. Mwambieni aipandishe pampu ikae karibu na uso wa maji, bwawa alijaze maji ya bahari, na mvua ya mapaa yake aikinge, kwa kuwa mwenye paa kubwa pale ni yeye. Chumvi ikizidi, na yeye kisima chake kitakufa, hilo mumueleze wazi. Akikataa, nendeni Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, mkaombe waje wapime visima vyote viwili.

Na ile pesa ya mchango nunueni mifereji ya paa na tangi. Namna yake ipo kwenye barua inayofuata.

*

*Mzee, hujambo na kazi. Sisi tuna nyumba ya mabati, na masika tunakinga mvua kwenye mapipa. Lakini maji yanageuka kijani, yananuka, na watoto wanaumwa tumbo. Mke wangu anasema tuache, tununue maji ya mkokoteni. Mimi nataka tangi kubwa. Tununue la ukubwa gani? – Mzazi, Kilifi*

Sijambo ndugu yangu. Mkeo ana haki ya kuyakataa hayo maji, na wewe una haki ya kutaka tangi.

Kwanza hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, sawasawa, na hii ndiyo hesabu rahisi kuliko zote katika kazi yetu. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ile ya nusu siku, inakupa lita 1,600, na ukiondoa inayorukia nje na inayobaki kwenye bati, unapata kama 1,280. Familia ya watu sita, kwa kunywa na kupikia tu, inatosheka na lita 30 kwa siku. Kuanzia masika ikiisha mpaka vuli ianze, chukua miezi minne: ni lita 3,600. Tangi la lita 5,000 linawatosha na ziada kidogo, na paa lako linahitaji mvua ya milimita 80 kulijaza. Masika ya pwani inaleta mara kadhaa ya hiyo. La lita 10,000 halina haja kwako. Pesa inayobaki itie kwenye mfereji mzuri wa paa, kwa sababu mapaa mengi ninayoyaona yana tangi la gharama na mfereji uliopinda unaomwaga nusu ya maji kibarazani.

Kijani na harufu vinatokana na mwanga na uchafu. Jani bichi la majini halioti gizani, kwa hiyo tangi liwe jeusi au lijengwe, na mfuniko ufunge kweli. Uchafu unatoka juu: kunguru, mijusi, majani ya mwembe, vumbi la miezi yote ya kiangazi. Mvua ya kwanza ndiyo inayofua paa, na maji hayo hayafai kuingia tangini. Weka pipa dogo la lita 40 kabla ya tangi, bomba likianzia hapo; pipa likijaa ndipo maji yapite kwenda tangini. Mvua ikikatika, lifungue chini limwagike, limwagilie migomba. Halafu wavu wa chuma au nailoni mdomoni mwa tangi, matundu yawe madogo mbu asipite, kwa kuwa mbu wa homa ya dengi anapenda maji safi yaliyotulia nyumbani kuliko dimbwi. Matawi yaliyoinamia paa yakate. Bomba la kuchotea liwe juu ya sakafu ya tangi kiasi cha shubiri, ili tope libaki chini.

Hata ukifanya yote hayo, ya kunywa yachemsheni au tieni dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Na usidhani tunafundishana jambo jipya. Wazee wa Mombasa na Lamu walijenga jabia, hodhi za mawe zilizopakwa chokaa, wakakinga mvua za mapaa na kukaa nazo kiangazi kizima. Uliza wenyeji, huenda ipo moja karibu nawe inatupiwa takataka.

*

*Mzee wangu, nimechimba kisima Kigamboni mita 30, maji ni chumvi tupu. Nimesoma makala yako ya zamani ukisema tusichimbe kina kirefu. Lakini mwenye mashine ananihakikishia mita 100 na zaidi nitapata maji safi. Nimwamini nani? – Mstaafu, Kigamboni*

Katika hili anaweza kuwa sahihi yeye, na nafurahi umeuliza, kwa sababu watu wamelichukua neno langu la maweni wakalipeleka kila mahali.

Kigamboni si Jambiani. Huko kwenu chini kuna matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi yaliyopangana. Mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, na chini yake unaweza kukuta mchanga wenye maji baridi ya zamani yaliyokingwa na ile chumvi ya juu. Visima virefu vya Kimbiji na Mpera vinatumia maji ya namna hiyo, na maji ya mradi wa Kigamboni yaliingizwa kwenye mtandao wa Dar es Salaam mwaka 2022.

Lakini sikiliza. Shimo lako refu litapita katikati ya tabaka la chumvi. Mchimbaji asipoliziba pembeni mwa bomba, kuanzia juu mpaka kwenye mfinyanzi, chumvi itateremka kwa nje ya bomba kama maji yanavyoteremka na kamba, na utakuwa umeharibu maji ya chini, yako na ya jirani zako wote. Mwulize kabla hujalipa: utaziba kwa saruji kutoka mita ngapi hadi mita ngapi? Asiyejibu hilo kwa namba, mwache. Dai pia upimaji wa ardhi kwa umeme kabla hajaleta mashine. Na kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu; usikubali kuambiwa kwamba kitafuata baadaye. Kile cha mita 30 kizibe, usikiache wazi.

*

*Nimelima mchicha na bamia ukingoni mwa Ruvu miaka tisa. Juzi wamekuja maofisa, wameniambia nisogee mita 60 kutoka mtoni. Nina watoto watano. Maji yenyewe yanapita bure kwenda baharini. Mimi nimemkosea nani? – Mkulima, Mlandizi*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Hujamkosea mtu kwa kulima. Nitakueleza upande wa mto, kisha nitasema na langu.

Zile mita 60 zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zimo pia katika sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Ukingo ukilimwa, mvua kubwa inaushusha mtoni. Udongo wako uliouchambua kwa jembe unakwenda kukaa kwenye mitambo ya maji, na dawa ya wadudu uliyopulizia bamia inakwenda kwenye maji ya kunywa. Hapo Mlandizi ulipo ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu. Ruvu Chini uko upande wa Bagamoyo. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam inakunywa mto huu unaotoka milima ya Uluguru. Mwaka 2022, mvua zilipokosekana, mto ulishuka na jiji likaingia kwenye mgao. Mwanangu anakaa Tabata. Alikuwa akiamka saa nane usiku kusikiliza kama bomba linakohoa.

Na hayo maji yanayokwenda baharini hayapiti bure. Yakipungua, bahari inapanda mtoni, chumvi inaingia mashambani kwa watu wa chini, na mikoko na kamba wa pale mdomoni wanaishi kwa mchanganyiko huo wa maji baridi na chumvi.

Sasa langu. Mkulima wa majaruba manne hastahili kuambiwa ahame kesho huku mwenye pampu kubwa mita mia tatu juu yake anavuta bila kibali na hakuna anayemgonga. Sheria ikipita, ipite kwa wote wawili. Naomba mjikusanye wakulima wa ukingoni, mwende ofisi ya bonde kwa pamoja, mwombe muda wa kuvuna kilichopo na kibali cha kuvuta maji kidogo kwa ajili ya majaruba mapya. Ule ukanda mnaouacha msiuache mtupu, acheni matete na nyasi zirudi, pandeni mikuyu. Mikaratusi msipande, inakunywa mno. Kwenye majaruba mapya tandazeni nyasi kavu juu ya udongo, mwagilieni alfajiri au jioni, na bamia mnaweza kuzilisha kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa karibu na shina. Dumu moja litafanya kazi ya madumu matatu.

*

*Assalaam alaykum Ami. Mimi ni mtoto wa Unguja, nipo Maskat mwaka wa kumi na sita. Huku tunatumia maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na hayana tatizo lolote. Najenga nyumba Bwejuu inshallah, nataka nilete mashine ndogo ya kutoa chumvi nisisumbuane na mtu juu ya maji. Waonaje? – Mjenzi, Maskat*

Wa alaykum salaam mwanangu, na Mungu akujaalie umalize nyumba.

Mashine hiyo inafanya kazi, sikukatazi kwa kuiona mbaya. Inasukuma maji ya bahari kwa nguvu kubwa sana kupitia utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Lakini lita kumi zikiingia, zinatoka kama nne za kunywa. Sita zilizobaki zimebeba chumvi yote, karibu mara mbili ya ukali wa bahari. Zitakwenda wapi? Nimeona mahali zikimwagwa shimoni nyuma ya nyumba. Shimo lile liko kwenye jiwe lile lile nililomweleza mama wa Jambiani, na ile chumvi inakwenda moja kwa moja kwenye maji wanayokunywa wengine. Kuna na umeme, na ule utando unachakaa ukabadilishwa kwa pesa. Serikali yenye mitambo mikubwa na mabomba marefu ya kurudishia chumvi mbali baharini inaweza. Nyumba moja Bwejuu ni jambo lingine.

Umesema hutaki kusumbuana na mtu juu ya maji. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Miaka mingi iliyopita nilikwenda Oman kumtazama dada yangu, na mumewe akanichukua mpaka Nizwa nikauone mfereji wa maji uitwao Falaj Daris. Nilivua viatu nikatia miguu. Maji yanatoka ardhini mbali huko, yanateremka kwa mfereji wenyewe bila pampu yoyote. Panapotokea mwanzo watu wanachota ya kunywa. Mbele kidogo wanatawadha na kufua. Mwisho kabisa ndiyo yanaingia kwenye mitende. Mzee wa pale akanionyesha wanavyogawana zamu kwa nusu saa nusu saa, wanaiita athar, na zamani walizipima kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Tangu mwaka 2006 falaj hiyo na nyingine nne zimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Watu wale wamekaa jangwani miaka na miaka kwa kusumbuana juu ya maji kila siku, kwa utaratibu, mbele ya macho ya wote.

Nyumba yako bado iko kwenye msingi? Basi jenga birika chini ya ua sasa hivi, kabla hujamwaga sakafu. Ukishamaliza nyumba itakugharimu mara nyingi zaidi. Paa zima ulielekeze humo. Kisha ukija likizo, nenda kajitambulishe kwa wenye kisima cha jirani.

*

Hizi tatu nazijibu kwa ufupi.

Msomaji wa Tanga anauliza kama mbegu za mlonge zinatoa chumvi. Hapana. Mlonge uliotwangwa unakamata tope na kulizamisha, maji yanang'aa, kama shabu inavyofanya, na baada ya hapo bado unachemsha. Chumvi iliyoyeyuka haiguswi.

Kuchemsha je? Ukichemsha maji ya chumvi, mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Utamaliza na maji yenye chumvi zaidi.

Na wewe wa Pemba, choo cha jirani kiko mita 12 kutoka kisimani kwako: kipimo tulichofundishwa ni mita 30 zisizopungua, na choo kiwe upande wa mteremko, chini ya kisima. Penye jiwe lenye nyufa hata 30 hazitoshi kukupa usingizi, kwa sababu maji machafu yanapita kwenye ufa bila kuchujwa na chochote. Mwombe jirani ajenge choo cha kuinuliwa chenye tangi lililozibwa chini, saidieneni gharama, na mpaka hapo maji hayo kwa mtoto mchanga usiyatumie kabisa.

*

*Shikamoo Babu. Nasoma darasa la saba, Makunduchi. Mwalimu wa sayansi ametupa kazi tujue kisima kipi kijijini kinaanza kuingia chumvi. Visima viko vitano. Hatuna kipimo. Tufanyeje? – Mwanafunzi*

Marahaba mjukuu wangu. Nimeiweka barua yako mwisho kwa sababu nilitaka niandike taratibu.

Mjomba wangu hakuwa na kipimo naye. Alikuwa na chupa. Tafuta chupa ya kioo yenye shingo nyembamba. Ifunge jiwe chini ili izame. Shingoni funga kamba imara ya kuishushia. Kizibo cha gamba au cha kitambaa kilichosokotwa kitie mdomoni, kiasi, si kwa nguvu sana, na kwenye kizibo funga uzi wa pili mwembamba. Ishusheni chupa ikiwa tupu na imezibwa mpaka jiwe liguse chini. Tulieni kidogo maji yatulie. Kisha vuta ule uzi mwembamba kwa mkupuo. Kizibo kitachomoka, na utaona mapovu yakipanda juu. Mapovu yakiisha, ipandishe. Hayo ni maji ya chini ya kisima. Halafu chota maji ya juu kwa kata, kwa upole, bila kuvuruga.

Weka kila maji kwenye sahani yake, sahani mbili zinazofanana, nyeusi kama zipo, vijiko kumi kumi, uzianike juani mpaka zikauke. Zote mbili zitaacha weupe, usishtuke. Jiwe letu ni la chokaa na chokaa inayeyuka. Unachotafuta ni tofauti. Kama sahani ya chini ina ukoko mzito kuliko ya juu, chumvi imeshakaa chini ya kisima hicho na inangoja. Kama zote mbili ni nzito, imeshafika juu.

Fanyeni mara nne: siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, kisha siku ya maji mafu vivyo hivyo. Visima vya kwetu vinapumua na bahari. Nikiwa chini nilikuwa naweka kiganja kwenye ukuta wa kisima, maji ya ufa yakinipita vidoleni, na niliweza kumwambia mjomba bila kuona kitu: sasa bahari inajaa. Andikeni siku, saa, na kina cha maji kwa kamba yenye mafundo. Visima vyote vitano vipimwe siku moja. Mtu mzima awepo, na mtoto yeyote asishuke wala kuinama mdomoni mwa kisima. Hayo maji ya chini msiyanywe. Mkimaliza, mwalimu wenu awaombe watu wa maji walete kile kipimo chao cha chumvi kinachotumia umeme, mlinganishe na sahani zenu.

Matokeo niletee, yote, hata yale mtakayoona hayana maana. Yatachapishwa kwenye ukurasa huu.

Chupa ya mjomba ninayo bado. Ni ya kijani, shingo imepasuka kidogo upande mmoja lakini haivuji. Nimeifunga kwenye kitambaa nikaiacha kwa mhariri, mwalimu wako aje kuichukua. Kizibo nimetia kipya. Kamba badilisheni, hiyo ya zamani imeoza.